Ekutere za dola 15: tusisifu gunia, tupime mbegu

Wasomi wenzangu, kila mara swali linarudi mu magrupu yetu: "Niko na dola 15, ninunue ekutere gani za Bluetooth?" Na majibu ni yale yale. Mmoja anatuma picha ya kartoni. Mwengine anaandika jina la marke na kuongeza "iko ya nguvu". Wa tatu anatuma video ya kijana wa mbali mwenye anasifu "kumi bora za mwaka", vitu vyenye ku soko letu hata havifiki. Swali ni la maana. Majibu njo mabaya, na leo nataka kuyakosoa.

Kosa lao ni moja: yanasifu gunia, hayapimi mbegu. Sisi wa agronomia tulifundishwa hilo mapema. Ukipewa gunia la mahindi ya kupanda lenye maandishi ya kupendeza, hauamini maandishi. Unahesabu mbegu 100, unazipanga ku kitambaa chenye maji, unangoja siku 7, kisha unahesabu zenye zimeota. Zikiota 90, unapanda. Zikiota 50, unamrudishia muuzaji gunia lake. Kipimo kile ni cha bei kidogo na kinaokoa msimu mzima. Ekutere nazo zinastahili kipimo cha namna ile.

Tuanze na gunia lenyewe. Ku kartoni utasoma "Bluetooth 5.3", na muuzaji ataigonga na kidole kama vile ni cheo. Namba ile inaonyesha tu toleo la njia yenye telefone na ekutere zinapitia kusemezana. Inaweza kusaidia batri na uimara wa muunganiko, lakini haisemi kitu juu ya uzuri wa sauti. Sauti inatoka ku kaspika kadogo ka ndani, namna kalitengenezwa, na vile mpira unaziba sikio. Ekutere mbaya kabisa inaweza kuandikwa 5.3 bila kusema uongo.

Utasoma tena "2000 mAh". Hiyo, kama ni ya kweli, ni ya kasanduku ka kusharjia. Batri ya ndani ya kila ekutere iko ndogo sana, mara nyingi kati ya 30 na 60 mAh. Ni hiyo ndogo njo inaamua utaongea saa ngapi.

Kisha kuko ENC na ANC. Herufi moja tu, lakini tofauti ni kubwa. ANC inapunguza kelele zenye wewe unasikia. ENC inapunguza kelele zenye zinaingia mu mikro, donke mwenye kufaidika ni yule mnaongea naye. Wauzaji wengi wanasema zote mbili "zinakata makelele". Unalipa, unafika nyumbani, unavaa, na jenereta ya jirani inaendelea kunguruma mu masikio yako.

IPX4 inamaanisha kuvumilia matone ya maji, kama jasho ao mvua kidogo. Kuzama ni jambo lingine: kwa hilo kuko IPX7, yenye inahesabiwa kwa mita 1 ya maji kwa dakika 30. Na mara nyingi ulinzi ule ni wa ekutere zenyewe, kasanduku hakahusike. Alama CE nayo, kwa vyombo vingi vya namna hii, mtengenezaji mwenyewe njo anaibandika, akitangaza kwamba ametimiza masharti ya Ulaya. Mbegu yenye tiketi ya SENASEM, kwa kanuni, kuna mtu wa serikali mwenye alikuja kuikagua. Ku kartoni ya ekutere, mwenye kusifu na mwenye kuuza ni mtu mmoja.

Wengine watanijibu: "Basi nunua marke yenye inajulikana, ikwishe." Nakubali nusu. Oraimo, yenye iko ya kundi moja na Tecno, itel na Infinix, ao Xiaomi, ao JBL, ziko na jina la kulinda. Lakini jina juu ya kartoni, kila mwenye mashini ya kuchapa anaweza kuliweka. Tangu Apple ilitoa AirPods mu mwaka 2016, soko zilijaa nakala zake nyeupe. Zile za i12, nani hajawahi kuziona? Kuna nakala zenye zinafungua mpaka kale kadirisha ka iPhone ukifungua kifuniko. Macho yanafurahi, masikio yanalia. Maoni yangu: kwa dola 15, ekutere ya kawaida ya marke ya bei kidogo inashinda nakala ya kitu cha dola 150. Nakala inatumia pesa yako ku sura. Hata hivyo jina ni mwanzo tu, kipimo kinabaki.

Mbele ya kupima, tujiulize tunapima nini. Video za mtandaoni zinapima muziki, besi, ngoma. Sisi wenye tunatafuta kazi, ekutere ni kwanza chombo cha kuongea. Siku hizi ONG na makampuni mengi yanafanya mahojiano ya kwanza kwa telefone ao kwa WhatsApp. Namjua dada mmoja mwenye aliambiwa mara tatu "hatukusikii vizuri" mu mahojiano ya dakika 20. Mwenye kuhoji hataandika mu daftari lake "mikro mbaya". Ataandika "hajielezi vizuri". Muziki ukiwa mubaya, unazima. Mahojiano yakiharibika, nafasi inaenda kwa mwengine.

Na ujue jambo hili: ukisikiliza muziki, Bluetooth inapitisha sauti kwa njia moja, ukipiga simu na mikro ikawaka, inahamia ku njia ingine, nyembamba zaidi. Njo maana ekutere yenye inaimba vizuri mu butiki inaweza kukufanya uongee kama mtu mwenye kukaa ndani ya bidon.

Sasa kipimo. Kinachukua dakika 10, mbele ya kulipa, pamoja na rafiki mmoja. Muuzaji akikataa kufungua kartoni, mpe asante na uende.

Kwanza, piga simu ya kweli. Rafiki avuke barabara, wewe simama ku mlango pale pikipiki zinapita, ongea dakika mbili, kisha muulize alisikia nini. Usipime na mesaji ya sauti ya WhatsApp, juu mara nyingi telefone inarekodi na mikro yake yenyewe, na utasifu ekutere kwa kazi yenye haikufanya.

Pili, tumia ekutere moja moja. Ya kushoto peke yake, kisha ya kulia peke yake. Kama moja ina sauti ndogo leo, haitapona kesho.

Tatu, weka telefone mu mfuko wa nyuma, geuka, tembea hatua chache. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi yale. Sauti ikikatika pale mu butiki, barabarani itakuwa mbaya zaidi.

Ine, angalia video ya mtu mwenye kuongea. Midomo na sauti viende pamoja.

Tano, tafuna kitu, tikisa kichwa, inama. Jaribu mipira yote yenye iko mu kartoni. Ekutere yenye inaanguka ukitafuna, ku pikipiki utaiaga.

Sita, zirudishe mu kasanduku, funga, angalia kama taa inaonyesha zote mbili zinasharji, kisha fungua tena uone kama zinajiunga zenyewe.

Jambo moja halipimiki mu butiki: batri. Kwa hiyo omba garanti yenye imeandikwa ku faktire, na tarehe, hata kama ni ya juma moja tu. Usiku wa kwanza, zicheze kwa sauti ya katikati mpaka zizimike, na uandike saa. Kartoni ikiahidi saa 5 na wewe ukapata 2, uko na sababu ya kurudi kesho yake. Ukingoja mwezi, hauna tena.

Na hapa njo hesabu yenye majibu ya grupu haifanyi. Batri ya litiumu inachoka: kisha mizunguko 300 mpaka 500 ya kusharji, imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mu ekutere, batri imefungwa ndani na fundi wa kawaida haibadilishe. Donke unanunua kitu kama mbegu ya ibridi: ujue mbele kwamba utarudi ku soko. Swali si "bei ngapi", ni "bei ngapi kwa mwezi". Ekutere ya dola 6 yenye inakufa kisha miezi 3 inakula dola 2 kwa mwezi. Ya dola 15 yenye inafika miezi 15 inakula dola 1. Mwenye hana pesa njo analipa zaidi, na inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba batri nyingi za namna hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wa inchi yetu. Kama unaongea na ekutere moja tu, badilisha upande, juu ile unatumia kila siku njo itakufa ya kwanza.

Kuna jibu lingine lenye watu wanaona haya kuandika: ekutere za waya. Kama telefone yako iko bado na tundu, za bei kidogo zinafanya kazi nzuri. Hazina batri ya kufa, hazikatiki ukigeuka, na mikro iko karibu na kinywa. Hazipendezi mu picha, lakini siku ya mahojiano mimi ninavaa za waya, hata kama zile zingine ziko mu mfuko.

Mwisho, masikio. OMS inashauri tusipite wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ku pikipiki, mu makelele, mkono unapandisha sauti bila kufikiri. Mpira wenye unaziba vizuri unakuruhusu kushusha sauti, donke kuchagua mpira ni afya pia. Batri ikikufa unanunua ingine. Sikio likikufa, hakuna butiki.

Kwa hiyo mtu akiuliza tena, tusimtumie picha ya kartoni. Tumwambie: nimetumia hii miezi mingapi, naongelea wapi, mtu wa upande wa pili anasikia nini, batri ilianza na saa ngapi na leo imebakia ngapi. Jibu la namna ile, hata likitoka kwa mwenye kununua ekutere ya dola 5, lina faida kuliko video kumi za kusifu.