Maji Mafu ya Pangani

Wanaopanga matembezi ya kayaki mtoni huanza na chombo. Sisi tulianza na mwezi. Mto Pangani, ukishafika karibu na Pangani mjini na Bweni, hauteremki tu: mara mbili kwa siku bahari huurudisha juu. Ukiziwahi saa zake, unapandishwa na kushushwa bila kuchoka na kafi.

Mwenzetu mmoja alitaka twende siku za bamvua, maji yakimbie. Hesabu ilimkatalia. Pwani yetu, siku hizo za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na tena saa 10 alasiri. Basi yanaanza kupanda saa 4 asubuhi, jua limeshachoma, na mkondo wa kurudi unakuja jioni. Ungefika nyumbani usiku, ukipapasa mikoko.

Lakini kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Wiki moja ikipita, saa zimegeuka: yanajaa mpaka saa 4 asubuhi, yanapwa mpaka saa 10 alasiri. Hayo ndiyo maji mafu. Mkondo wake mnyonge, nasi hatukuwa na haraka. Tukachagua siku ya 8 tangu mwezi kuandama. (Hesabu hii ni ya kiangazi. Masika mto ukijaa, maji ya bara huishinda bahari.)

Kabla ya kuondoka tulimuuliza mvuvi mmoja.

“Shikamoo mzee. Huko juu mamba wapo?”

“Marahaba. Wapo. Nyie pigeni kafi tu, miguu iwe ndani.”

Yule wa bamvua alikuwa amebeba mpira wa ndani wa gurudumu la lori, aelee nao miguu majini. Aliutazama, akanyamaza.

Maji yakatupandisha. Kosa letu lilikuwa kugeuka saa 4 kamili. Mjini maji yalikwisha kujaa, lakini huko ndani yalikuwa bado yanapanda, maana bahari huchelewa kufika juu. Nusu saa tulipingana na mkondo ambao tungeungoja kivulini kwa dafu moja.

Muda ule tuliupoteza tukiuhitaji. Mchana upepo hutoka baharini, unakupiga usoni, na ukikutana na maji yanayotoka huinua viwimbi vifupi vinavyorusha kayaki. Kwa hiyo tulitoka majini kabla ya kivuko, bila kuugusa mlango wa mto. Saa 7 tulikuwa tunafunga kayaki juu ya gari, na ule mpira, mkavu kama ulivyokuja.