Kazi ya Ndani ya Ukuta

Fundi mzuri wa dishi huanza na mita mkononi, kabla hajagusa koleo. Katika nyumba hii ya ghorofa pale Upanga, Dar es Salaam, malalamiko yalikuwa ya kawaida kwa nyumba za pwani: picha inakatikakatika, chaneli nyingine zinakuja na nyingine zinapotea, na mwenye nyumba amekwishaambiwa anunue king'amuzi kipya. Fundi alipanda paani akapima mawimbi kwenye dishi lenyewe. Yalikuwa na nguvu ya kutosha. Akashuka akapima tena sebuleni, kwenye ncha ya waya. Yalikuwa hoi. "Mama, king'amuzi chako kizima," alisema. "Mgonjwa ni waya."

Waya huo uliingizwa ukutani katika miaka ya 1990, baada ya vituo binafsi vya televisheni kuanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Ganda lake bado lina maandishi yaliyofifia: RG-59. Kwa antena ya siku zile ulitosha. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi walibadilisha vifaa, lakini waya wakauacha ule ule. Mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, huwa kati ya megahezi 950 na 2150, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo waya unavyozidi kuyala mawimbi njiani. Kila desibeli 3 zinazopotea, nguvu hupungua kwa nusu.

Fundi alikata kipande cha waya wa zamani karibu na dirisha, akakipasua kwa urefu na kumwonyesha kijana anayemfundisha kazi. Wavu wa shaba uliopaswa kung'aa ulikuwa wa kijani, na sehemu nyingine ulipukutika kwa kuguswa tu. Unyevu wenye chumvi ulikuwa umepenya kwenye konekta ya nje, ukatambaa ndani ya wavu kuelekea chini, mita baada ya mita. Hakuna ujanja wa kukata ncha na kufunga konekta mpya unaoweza kuuponya waya wa namna hiyo.

Waya mpya ni RG-6. Kabla ya kuukubali, fundi alitoa sumaku ndogo mfukoni akaigusisha kwenye kiini. Haikunata. Kiini kikiwa cha chuma kilichopakwa shaba, sumaku hukamata. Mawimbi ya masafa ya juu husafiri kwenye ngozi ya kiini, kwa hiyo hata chuma kilichopakwa shaba huyabeba vizuri. Lakini waya huohuo hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi kwenda kulisha LNB, na kwa safari ndefu kama hii, kutoka paani hadi chini, shaba tupu hupunguza upotevu wa umeme. Kwa sababu ya umeme huo huo, hakufungua konekta hata moja kabla ya kuchomoa king'amuzi kwenye soketi.

Kisha akatafuta njia. Alifungua boksi la ukutani, akaushika waya wa zamani na kuuvuta taratibu, huku kijana akiangalia upande wa juu. Ulisogea. Maana yake umo ndani ya paipu ya kondui. Ule wa chumba cha kulala haukusogea hata kidogo, kwa kuwa ulizikwa ndani ya plasta. Huo hakuhangaika nao: aliukata ncha zote mbili, akauacha ulale, akapanga njia mpya juu ya dari.

Waya unaosogea ndio unaouvuta mwenzake. Fundi aliondoa ganda la ncha ya waya wa zamani, akafanya hivyo kwa mpya, akapinda viini viwili vikashikana, akavikandamiza kwa koleo. Juu yake alizungusha tepu, akianza mbali na kiungo na kumalizia mbali, ili umbo liwe jembamba mbele na linenepe polepole, lisipate pembe ya kukwamia. Aliambatanisha na uzi wa nailoni. Mwisho akapaka unga wa talki.

Kuvuta ndiko kunakompima mtu. Kijana juu anasukuma, fundi chini anavuta, na kati yao kuna maneno mawili tu: "Leta," na "Simama." Kwenye kona ya ngazi waya ulikwama. Kijana aliuliza kama asukume kwa nguvu. "Usiukasirikie," fundi alijibu, akarudisha waya nyuma kidogo, akauzungusha kati ya vidole, akajaribu tena. Ukakwama. Akarudisha, akazungusha, akasubiri. Safari iliyofuata ukapita.

Upole huo una sababu. Ndani ya waya, kiini kimezungukwa na povu la plastiki, na povu limezungukwa na karatasi ya alumini na wavu. Umbali kati ya kiini na wavu, pamoja na aina ya povu, ndivyo vinavyoupa waya ukinzani wake wa omu 75. Ukivutwa kwa nguvu au kukunjwa kwa pembe kali, povu hubonyea, umbali hubadilika, na mahali hapo sehemu ya mawimbi hugeuka na kurudi yalikotoka. Kwa nje waya utaonekana mzima. Ndiyo maana kila kona ameiachia mkunjo mpana, na kwenye dari ametumia vishikizo vilivyolegea kidogo.

Waya ulipofika, alikaa chini kufunga konekta, na hapa mikono yake ilipunguza kasi zaidi. Alizungusha kimenyio mara chache, kikatoa ganda katika hatua mbili: milimita 6 hivi za kiini kitupu, na nyuma yake milimita 6 za povu. Akaukunja wavu nyuma juu ya ganda, uzi kwa uzi, akitumia ukucha. Karatasi ya alumini aliiacha imebana povu. Kisha akaiinua ncha kwenye mwanga wa dirisha na kuigeuza mzunguko mzima. Alikuwa anatafuta unywele mmoja wa wavu, kwa sababu mmoja tu ukigusa kiini, kila kitu kinakatika. Aliuona, akaukata. Akaisukuma konekta mpaka povu likawa sawasawa na sakafu yake ya ndani, akaibana kwa koleo la kukandamizia, mara moja. Akaivuta kwa nguvu kuijaribu. Haikucheza.

Paani aliuacha waya ushuke chini ya tundu la ukuta kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye tumbo la waya badala ya kuufuata hadi ndani. Konekta ya LNB aliivika tepu ya mpira inayojishika yenyewe, akiivuta ijinyooshe huku akiizungusha kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, ili maji yateleze juu ya maungio.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha mita. Kiini na wavu havikugusana. Vilipounganishwa kwa makusudi kwenye ncha moja, mita iliyo kwenye ncha ya pili ilisoma omu chache tu. Akawasha king'amuzi, picha ikatulia, chaneli zilizopotea zikarudi. Alibandika lebo kwenye kila ncha: sebuleni, chumbani, akiba.

Ule uzi wa nailoni aliuacha ndani ya kondui, umefungwa pande zote mbili, kwa ajili ya fundi atakayekuja miaka ijayo ambaye huenda hatamjua. Kazi hii yote imefichwa na plasta, na ndiyo sababu wengi huilipa bei ya chini na kuiharakisha. Ukijenga, weka kondui pana na uzi ndani yake. Picha ikikatika, pima waya kabla ya kununua king'amuzi. Na ukimpata fundi anayerudisha waya nyuma badala ya kuulazimisha, mlipe anachostahili na usimharakishe.