Kroshia Huanza kwa Macho

Ingia sebule yoyote ya Bagamoyo, iwe Dunda, Magomeni au Nianjema, utavikuta vitambaa vya kroshia: kimoja mgongoni mwa kochi, kingine juu ya stuli, kingine kimefunika televisheni, na cha mezani chenye ncha zinazoning'inia kila upande. Teremka kusini kwa barabara ya Dar es Salaam, pita Kerege, Mapinga na Bunju mpaka Tegeta, hali ni ileile. Wageni huviegemea na kuviwekea glasi za juisi, watoto huvivuta, na ni nadra mtu kuuliza nani amevifuma. Mimi nimeanza kujifunza kroshia hivi karibuni. Kabla mikono haijazoea kitu, macho yalikuwa yameshabadilika: siku hizi nikikaribishwa mahali, salamu zikiisha naanza kuangalia kochi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache kuliko vya kazi yoyote ya mikono ninayoijua. Mshonaji anahitaji cherehani na meza. Msuka mikeka lazima kwanza apate ukindu, auanike, auchane, autie rangi. Mfumaji wa kroshia anahitaji sindano moja yenye ndoano kichwani, uzi na mkasi, na vyote vinaenea kwenye pochi. Ndiyo maana utamwona mwanamke amepanda gari Makumbusho, Dar es Salaam, kwenda Bagamoyo, bonge la uzi likiwa mapajani, na anapofika kituoni kitambaa kimeongezeka. Wenye vibanda hufuma wakisubiri wateja. Kazi yenyewe inakubali kukatizwa: mteja akija, unaiweka chini ulipofika, unampimia anachotaka, unarudi.

Anayeanza achukue sindano nene, ya milimita 4 au 5, na uzi wa sufu wa rangi nyepesi. Rangi nyepesi ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu uzi mweusi haukuonyeshi unapochoma, na anayejifunza anaishi kwa kuona. Vile vitambaa vya sebuleni hufumwa kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ya chuma isiyozidi milimita 2. Huko mtu hafiki siku ya kwanza. Hali ya hewa ya pwani nayo ina taabu zake. Viganja hutoa jasho na uzi hugoma kuteleza. Sindano ya chuma ikisahauliwa dirishani hewa ya bahari huitia kutu, na kutu ikigusa uzi mweupe haitoki. Wazoefu hupaka poda mikononi, na hawaihifadhi sindano kabla ya kuifuta.

Mwanzo wa kila kitu ni kitanzi kimoja. Unakifunga kwenye uzi, unapitisha ndoano, unavuta uzi katikati yake, na unapata kitanzi cha pili kilichotoka ndani ya cha kwanza. Ukiendelea hivyo unapata mnyororo. Kisha unageuka na kurudi juu ya mnyororo huo, unachoma katika kila kijitundu na kusimamisha kile ambacho mwalimu wangu anakiita nguzo. Unazungusha uzi kwenye sindano, unachoma, unavuta uzi nje, sasa una vitanzi vitatu. Unapitisha uzi katika viwili, halafu katika viwili vilivyobaki, na nguzo imesimama. Hakuna tendo jingine la ajabu lililofichwa mbele. Kitambaa cha meza ya watu sita, chenye maua na majani na ukingo wa ncha, kimejengwa kwa mnyororo na nguzo, nguzo ndefu na nguzo fupi, na nafasi zilizoachwa wazi kati yake.

Kinachonivutia zaidi katika ujenzi huu ni kwamba wakati wowote ule, hata kitambaa kikiwa kimefikia upana wa kitanda, kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hubeba safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi, na kimoja kikiponyoka hushuka na kuacha mstari mpaka chini. Katika kroshia kila hatua hufungwa palepale ilipofanyika. Ukitaka kurudi nyuma, unatoa sindano na kuvuta uzi. Nguzo zinaachia moja baada ya nyingine, kinyume cha mpangilio zilivyojengwa, na uzi unabaki mzima, tayari kutumika tena. Seremala akikata ubao vibaya, ubao umekwenda. Mfumaji hupoteza muda tu, na hata huo haupotei wote, kwa sababu anayefumua kwa makini huona safu ilivyoshikana kuliko alivyoona wakati wa kuifuma.

Mwalimu wangu ni mama mtu mzima anayekaa barazani jioni, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Alijifunza kwa dada yake, na dada yake alijifunza katika darasa la akina mama, enzi ambazo ushonaji na ufumaji vilifundishwa katika vikundi vya Umoja wa Wanawake, UWT. Nilipokaa karibu naye mara ya kwanza nilivikodolea macho vidole vyake, maana ndivyo vinavyokwenda mbio. Akaniambia, "Mwanangu, mkono wangu hautakufundisha kitu. Angalia uzi umetoka wapi." Halafu akafuma polepole, kila akichoma anasimama, na kunionyesha kwa ncha ya sindano ni kijitundu kipi cha safu ya chini kimebeba nguzo ipi ya safu ya juu.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na sikuwahi kufikiri kwamba vitambaa vya makochi vina hesabu nyingi hivyo. Chukua duara. Safu ya kwanza ina nguzo 12. Ukitaka duara lilale sawasawa mezani, ya pili iwe na 24, ya tatu 36, ya nne 48. Kila mzunguko uongeze 12, kwa sababu mzingo hukua kwa kiasi kilekile kila unaposogea hatua moja kutoka katikati. Ukiacha kuongeza, ukawa unafuma 48 juu ya 48, kingo zinaanza kushuka na duara linageuka kofia. Kofia za kufuma wanazovaa vijana wetu zimetokana na uamuzi huo mmoja, wa kuacha kuongeza mahali fulani. Kofia nyeupe za kutarizi za pwani, zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, ni sanaa nyingine kabisa, ya sindano ya kawaida na kitambaa, ingawa mwenye kuzishona naye hawezi kitu bila kuhesabu.

Na ukiongeza kupita kiasi? Kingo zinakosa pa kulala, zinajikunja mawimbi, juu na chini, kadiri unavyoendelea zinazidi kujisokota. Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1997 aliliona jambo hilo kuwa jibu la tatizo lililowasumbua walimu wa jiometri. Kuna aina ya uso ambao mistari yake inaachana badala ya kwenda sambamba. Wanahisabati waliuandika kwa fomula tangu karne ya 19, lakini wanafunzi walikosa cha kushika mkononi. Mifano ya karatasi ilichanika. Taimina alichukua sindano ya kroshia, akaongeza nguzo kwa uwiano uleule katika kila safu, akapata uso huo, mgumu wa kutosha kupitishwa darasani mkono kwa mkono. Mwaka 2005 dada wawili wenye asili ya Australia, Margaret na Christine Wertheim, wakiwa Los Angeles, walianzisha mradi wa kufuma mwamba wa matumbawe kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa viumbe wengi wa mwambani hukua kwa mikunjo ya aina hiyo. Maelfu ya watu katika nchi nyingi wameshafuma vipande vyake.

Habari hii ina maana ya pekee kwa mtu wa Bagamoyo. Ukienda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, unakuta msikiti wa karne ya 13 na makaburi, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Yashike mawe yale uone mikunjo na vijitundu vyake. Nilimweleza mwalimu wangu habari za Taimina na dada wale wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: waliongeza ngapi kwa ngapi?

Kroshia tunayoijua leo ilienea Ulaya katika karne ya 19. Ayalandi, wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, masista walizifundisha familia maskini kufuma lesi kwa ndoano, na lesi hiyo iliuzwa kwa matajiri ikawapa watu chakula. Kwetu, misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na masista waliokuwapo waliwafundisha wasichana waliokombolewa utumwani kazi za sindano. Baadaye zikaja shule, na masomo ya Maarifa ya Nyumbani na Stadi za Kazi. Hata hivyo pwani hii haikuwa ikisubiri mtu aje kuifundisha kuhesabu kwa vidole. Wanawake wake walikuwa wakisuka ukili tangu zamani, mshipi mrefu ambao mapambo yake hutegemea ni chane ngapi za rangi zimeingia na wapi zimevuka, na wanaume walikuwa wakitengeneza nyavu ambazo tundu likiwa kubwa kuliko jingine samaki anapita. Kroshia ilikuta macho yaliyokwisha kufundishwa.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwenye kununua kitambaa alijue. Mashine ya kufuma soksi iliundwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, na leo sweta na fulana karibu zote za dukani ni kazi za mashine. Kroshia haina mashine ya kiwandani mpaka sasa. Ndoano inayochoma popote, mbele, nyuma, chini, ikizunguka na kurudi, imewashinda waundaji. Lesi za plastiki zinazouzwa kwa mita ni kitu kingine kinachofanana nayo kwa mbali. Kwa hiyo kitambaa cha kroshia unachokiona popote duniani, Bagamoyo, Muscat au London, kimepita mikononi mwa mtu, kila nguzo peke yake. Mteja anayeshika seti ya vitambaa vya makochi na kumwambia mama wa watu apunguze mpaka bei ilingane na ya lesi ya plastiki, anamtaka afanye kazi bure, na mimi hilo linaniuma. Gharama ya uzi peke yake inajulikana. Ongezea jioni zote za mwezi mzima. Na pamba tunailima wenyewe, Simiyu na Shinyanga, ingawa sehemu kubwa yake husafirishwa nje ikiwa haijasokotwa.

Nimesema sanaa hii huanza kwa macho, na bado sijaeleza macho hayo hufika wapi. Mwalimu wangu hana kitabu cha michoro. Huko ugenini wafumaji hufuata vitabu vyenye alama, au maelekezo yaliyoandikwa safu kwa safu. Yeye akienda kwenye shughuli na akakiona kitambaa kizuri, huinua ukingo wake kwa vidole viwili, midomo ikicheza, nguzo tatu, minyororo mitano, ruka viwili, kisha anaurudisha na kuendelea na mazungumzo. Akifika nyumbani hufuma kipande kidogo ili asisahau. Ana mfuko mzima wa vipande vya namna hiyo, vingine vimeshageuka rangi, na akitaka kufuma kitu hupekua mfuko huo. Nimejaribu kumfuata. Naweza sasa kusoma kazi ya vimraba, ile ambayo picha hutokea kwa kujaza baadhi ya matundu na kuacha mengine wazi, kwa kuwa hapo mraba uliojaa na mraba mtupu haifichiki. Ua bado linanishinda linapoanza kuzunguka.

Juzi alitumiwa picha kwa simu na ndugu yake aliyeko Muscat: kitambaa cha meza, ua la nanasi, kwa ajili ya harusi. Ua la nanasi ni lile lenye tumbo pana linalokwenda likichongoka mpaka juu, limejaa vitao vidogo vya mnyororo. Aliikuza picha kwa vidole, akaanza kuhesabu safu kutoka chini, mimi nikiandika. Ya kwanza vitao 11. Ya pili 10. Ya tatu 9. Safu ya nne ilikuwa imefunikwa na sahani ya halua iliyowekwa juu ya meza, na ya tano ilionekana nusu. Nilimshauri aombe picha nyingine. Alikwisha kuchukua sindano. "Nanasi hupungua kitao kimoja kila safu," akasema, "sasa hiyo ya nne tuulizie nini?" Akafuma 8, akafuma 7, akaisogeza simu karibu na taa kuangalia ukingo, ambao nao ulikuwa na hesabu yake.