Tiketi Ilinunuliwa Mwisho

Ukiweka rula juu ya ramani, umbali wa kwetu Mkula, wilayani Busega, mkoani Simiyu, hadi Nairobi haufiki nusu ya umbali wa Mkula hadi Dar es Salaam. Lakini uwanja wetu wa ndege ni Mwanza, na abiria wa Mwanza anayekwenda Nairobi kwa ndege kwa kawaida hupelekwa kwanza Dar, pwani kabisa, ndipo arudishwe kaskazini. Mtu wa Busega anayekwenda kwa jirani anazungushwa karibu nchi nzima. Fumbo hilo tulikaa nalo mimi na mama watoto tangu Machi 2025, tulipoamua kwamba mwaka huo, kwa mara ya kwanza, tungelala siku kadhaa katika mji wa nchi nyingine bila kuwa tunamsindikiza mgonjwa wala kufuata msiba.

Mama watoto alianza na Dubai. Sikumkatalia, nilimwomba tuikague. Mtanzania anahitaji viza ya Dubai, nayo huombwa kabla ya kuondoka, mara nyingi kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Miezi ambayo sisi tungekuwa na fedha ni Julai na Agosti, na miezi hiyo joto la Dubai hupita nyuzi 40. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuanze na pa karibu, baba watoto. Dubai haihami."

Kwa Nairobi mambo ya kuingia ni mepesi, ingawa si mepesi kama watu wa vijiweni wanavyosema. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Mtanzania haombi viza ya Kenya. Kenya ilipoleta utaratibu wa kuomba ruhusa ya safari kwa mtandao Januari 2024, raia wa Jumuiya waliachwa nje yake. Mpakani unagongewa muhuri, na kibali cha matembezi kinaweza kufika miezi 6. Kijiweni pale Lamadi niliambiwa kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinatosha. Hakitoshi. Waliokubaliana kuvuka kwa vitambulisho vya taifa, kuanzia 2014, ni Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Mkurya wa Sirari akivuka kufuata sukari na kurudi kabla ya jua kuzama, hiyo ni habari ya watu wa mpakani na ndugu zao wa upande wa pili. Sisi tulikuwa tunakwenda kulala Nairobi na kurudi kwa ndege. Ni pasipoti, au hati ya dharura ya safari.

Hati ya dharura ni rahisi mno kwa bei. Tulichagua pasipoti kwa hesabu ya kawaida ya duka: shilingi 150,000 kwa miaka 10 ni shilingi 15,000 kwa mwaka, na Dubai ya mama watoto bado ipo kwenye foleni. Maombi hujazwa mtandaoni, unapata ile namba ya malipo ambayo wote tunaiita kontroli namba, unalipa, unachapa fomu, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, kwetu ikiwa Bariadi, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hapo hapakutukwamisha. Tulikwama kwenye kiambatisho cha uzazi. Unatakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha kwako na cha mzazi, na asiye nacho analeta kiapo. Nilikwenda kwa mama yangu na kalamu mkononi. Akaniangalia akacheka, "Ng'wanawane, nilizaliwa pamba zikichumwa. Mwaka muulize Mungu." Kiapo cha mtu aliyezaliwa pamba zikichumwa kilitugharimu wiki mbili, maana ilibidi kwanza tukubaliane, ukoo mzima, ni pamba za mwaka gani.

Wiki mbili hizo zilinifundisha namna ya kupanga kilichobaki. Wengi tunaanza na tiketi: tunaona bei nzuri, tunalipa, halafu tunaikimbiza tarehe. Mimi nilichukua daftari nikaandika tarehe ya kurudi, kisha nikahesabu kinyumenyume, na kila karatasi nikaipa siku zake za kungoja. Karatasi inayochelewa kuliko zote ndiyo iliyopanga safari. Tiketi, ambayo hupatikana kwa dakika chache, ikawekwa mwisho.

Chukua mfano wa kadi ya njano. Watu huuliza, "Kenya wanaidai?" Swali hilo limegeuzwa. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania inawataka wanaotoka nchi hizo waonyeshe cheti cha chanjo. Kwa hiyo ulinzi wa kadi hiyo unauhitaji zaidi siku unayorudi kwenu. Cheti nacho huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Sisi tulipanga kukanyaga Dar usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti, kwa hiyo sindano haikuweza kuvuka tarehe 1. Tulichanjwa Juni, tukamaliza. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo gharama yake nayo inagawanyika kwa safari zote zijazo.

Tarehe yenyewe ilitupa kazi kuliko karatasi. Huku Simiyu mfuko hufuata pamba. Ununuzi hufunguliwa Mei, na kufikia Julai aliyeuza anajua alichonacho. Mpango wa kwanza ulikuwa Sabasaba, kwa sababu mwaka 2025 tarehe 7 Julai iliangukia Jumatatu: Jumamosi, Jumapili na sikukuu, siku tatu mfululizo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kwetu Sabasaba ni siku ya TANU na ya maonyesho ya biashara. Kwa Nairobi jina hilohilo, tarehe hiyohiyo, lina kumbukumbu nyingine kabisa: maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Na baada ya Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, miezi ya Juni na Julai pale mjini si ya kuingia kwa kubahatisha. Tulighairi Mei. Julai 7 ilipofika, polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi, watu walikufa, na mabasi ya mbali yaliachia abiria nje ya mji. Nilikuwa nyumbani nikisikiliza redio, nikawa namfikiria mtu aliyenunua tiketi yake Machi.

Ikabaki Nanenane, sikukuu ya wakulima, Ijumaa tarehe 8 Agosti. Ndugu walitushangaa. Nanenane kwa mtu wa Simiyu ni uwanja wa Nyakabindi, na tangu maonyesho ya kitaifa yalipofanyika pale kuanzia 2018 hadi 2020 imekuwa kama deni la ukoo kwenda kuonekana uwanjani. Tulikubali lawama. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mpira: Agosti ile mashindano ya CHAN yalichezwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Nilitazama ratiba kwa makini kuliko mshabiki. Kenya na Angola Kasarani tarehe 7, Kenya na Morocco hapohapo tarehe 10. Kasarani iko kwenye barabara ya Thika. Basi nyumba ya kulala isiwe upande huo hata kama bei inavutia. Tulitafuta South B, kati ya mji na njia ya uwanja wa ndege, na kwa uamuzi huo mmoja tuliokoa saa nyingi kuliko kwa mbinu nyingine yoyote.

Sasa usafiri. Niliandika njia tatu: ndege kwenda na kurudi, basi kwenda na kurudi, na mchanganyiko. Ya kwanza ilikuwa na kasoro inayofichwa na bei. Ukinunua Mwanza–Dar kwa kampuni moja na Dar–Nairobi kwa nyingine, hizo ni safari mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, na hakuna anayekudai wala unayemdai. Mzigo unauchukua mwenyewe Dar, unatoka Jengo la Pili la ndege za ndani, unahamia Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa Agosti 2019, kisha unapanga foleni upya na Uhamiaji. Chini ya saa nne katikati ni kamari. Januari 2024, nchi zetu mbili zilipovutana juu ya vibali vya ndege, Tanzania ilitangaza kuzuia safari za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar; walipatana ndani ya siku chache, lakini mwenye tiketi mbili zisizojuana alishajifunza.

Barabara nayo haina siri. Lamadi iko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari: Bunda, Makutano, Tarime, mpaka. Ng'ambo ni Isebania, Migori, Kisii, Narok, Mai Mahiu, Nairobi. Ni siku nzima ya kukaa, lakini mchana wote unaona nchi, na Sirari siku hizi ni kituo cha pamoja cha mpakani: unasimama upande unaoingia tu, maofisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja. Kasoro yake ni kuchoka, na uchovu wa kwenda haufanani na uchovu wa kurudi. Unapokwenda una hamu. Tukaamua kwenda kwa barabara Alhamisi tarehe 7, tuondoke Lamadi saa kumi na moja alfajiri ili mpaka tuuvuke asubuhi na mji tuuone kabla ya giza. Kurudi, ndege.

Hapo ndipo palipokaribia kuharibika. Wakala wa Mwanza alipiga simu akiwa na bei nzuri. "Kaka, nimepata Nairobi–Dar, tarehe kumi na moja, Jumatatu, saa sita na dakika ishirini usiku." Mama watoto akaanza kupanga Jumatatu nzima ya mjini. Nikamuuliza yule kijana, "Jumatatu inayoanza au inayoisha?" Simu ikawa kimya. Tiketi iliandikwa 00:20. Kwa saa ya Kiswahili, "Jumatatu saa sita usiku" mtu yeyote wa Mkula ataelewa Jumatatu jua likishazama. Kwa saa ya uwanja wa ndege Jumatatu ilikuwa na umri wa dakika ishirini tu; sisi tunauita usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Tungefika uwanjani siku nzima tumechelewa, tena tukiwa na uhakika kamili. Kubadili 15:00 kuwa saa tisa kila mtu anaweza, ni kutoa au kuongeza sita. Hatari iko kwenye jina la siku, na iko kwa ndege zile zinazoruka kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ambazo ndizo mara nyingi zina bei ndogo.

Tulipoielewa, tiketi ile ikageuka kuwa nzuri. Inatua Dar kama saa nane usiku. Ndege ya kwanza ya Mwanza ni asubuhi. Katikati kuna saa za kutosha kumeza ucheleweshaji wowote wa kawaida, wala hulipii chumba cha kulala, unakaa kwenye kiti na chai. Ule mwanya uliokuwa kasoro ukawa bima. Tulilipa tarehe 21 Julai, pasipoti zikiwa mezani na kadi za njano ndani yake.

Habari ya fedha sitairefusha. Shilingi yao ilikuwa karibu 19 za kwetu, na akili huchukua siku mbili kuacha kufurahia "chakula shilingi mia nne". M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zimekuwa zikitumiana tangu 2015, tukabeba noti chache.

Siku zenyewe zilikwenda karibu kama daftari lilivyosema. Mpakani saa tatu asubuhi, mjini kabla ya magharibi. Jengo la KICC, la 1973, tulipanda juu tukauona mji wote. Hifadhi ya Nairobi tuliiruka: mtu ambaye tembo wa Serengeti humwingilia shambani halipi kiingilio kumtazama simba. Jumapili alasiri Kenya iliifunga Morocco 1–0, na sisi tukiwa South B na mabegi yamefungwa, tulisikia mji ukipasuka. Saa tatu usiku tulikuwa uwanja wa ndege.

Kosa lililotushinda lilikuwa la hewa. Niliandika tarehe zote, sikuandika mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu mita 1,795, na Agosti mapema ni baridi yao. Ijumaa asubuhi mama watoto alijifunga vitenge viwili, akaniangalia bila kusema neno. Tulikwenda Gikomba kununua masweta ya mitumba, mazito, ya watu wa Ulaya. Jumatatu saa sita mchana, ya jua kali, tuliteremka Lamadi nayo mikononi, na bodaboda wa kwanza akatuuliza kama tumetoka hospitali.