Roshani za Tharia Topan

Nyumba nyingi za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, huupa mtaa ukuta mtupu na mlango wa nakshi. Uzuri wake umefichwa uani. Zahanati ya Zamani, pale Mizingani mbele ya bandari, imefanya kinyume. Urembo umemwagwa nje: roshani za mbao zimepandana ghorofa kwa ghorofa, nguzo zake nyembamba, matao yake yamechongwa, mbao zake zimetobolewa kama lesi, na vioo vya rangi vimepachikwa katikati.

Mkono wa Kigujarati unaonekana wazi, wala si ajabu. Tharia Topan, aliyetoa fedha, alikuwa tajiri mzaliwa wa Kachi, katika Gujarati ya India, aliyewahi kushika forodha ya Zanzibar. Mtu aliyetajirika kwa ushuru wa vyombo akavigeuzia vyombo hivyo uso wa sadaka yake. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Iwe hospitali, ndivyo alivyotaka. Lakini hebu litazame jengo: wapi pamesema ugonjwa? Umbo lote ni la kasri, na kwangu hiyo ndiyo heshima yake kubwa, kwamba maskini aliandaliwa nyumba ambayo tajiri angejijengea mwenyewe.

Topan alifariki mwaka 1891. Mjane wake akaikamilisha kazi mwaka 1894. Hospitali aliyoikusudia Topan haikusimama. Jengo liliuzwa mwaka 1900, chini kukawa zahanati ya hisani, juu watu wakapanga. Lilikubali mabadiliko hayo kwa urahisi kwa sababu ndani lina ua uliozungukwa na ushoroba kila ghorofa, vyumba vyote vikifungukia huko. Huo ni mpango wa makazi.

Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa ndizo zinazobeba uzito. Roshani zimening'inia tu, hazibebi ila watu na upepo wa bahari. Kwa hiyo jengo lilipotelekezwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kilichosifiwa zaidi ndicho kilichokuwa dhaifu zaidi. Shirika la Aga Khan la Utamaduni lililikarabati katika miaka ya 1990.

Sifa za roshani ni za haki, lakini akili ya jengo imo uani. Ukifika Mizingani usiishie kupiga picha barabarani. Ukikuta mlango wazi, ingia, usimame katikati, utazame juu.