Kihisi Kipo, Grili Iko Wapi?

Kung'oa grili ndilo kosa. Mengine yaliyofanywa kwenye madirisha ya nyumba mpya za Ilazo, Njedengwa na Iyumbu, hapa Dodoma, yanajadilika, na baadhi yanastahili sifa. Lakini mwenye nyumba aliyemwambia fundi akate nondo kwa kuwa "kihisi kipo" ameidhoofisha nyumba yake mwenyewe, na fundi aliyewasha grainda bila kubisha ana sehemu yake ya lawama.

Tuanze na dirisha lenyewe. Ni slaidi ya aluminiamu: vioo viwili kwenye reli, wavu wa mbu, na kiloki cha ndoano pembeni. Kihisi kina vipande viwili. Kimoja kimebeba swichi ndogo ndani ya bomba la kioo na kimebandikwa kwenye fremu. Cha pili ni sumaku, nacho kimebandikwa kwenye fremu ya kioo kinachotembea. Kioo kikisogea sentimita mbili hivi, sumaku inakuwa mbali, swichi inaachia na simu inapata ujumbe.

Hapo ndipo uamuzi ulipoharibika. Sumaku inapima mahali kioo kilipo. Haipimi kama ndoano ya loki imeshika. Dirisha likisukumwa hadi mwisho bila loki kugeuzwa, programu inaandika "limefungwa", na mama mwenye nyumba analisoma neno hilo akiwa kitandani, anazima taa. Vipo vihisi vinavyokaa ndani ya komeo lenyewe na kutambua kama ulimi umeingia. Vina gharama zaidi na vinataka fundi atoboe profaili kwa uangalifu. Mafundi wengi wakachagua cha kubandika kwa gundi.

Halafu kuna kioo. Mtu akikivunja au akikikata bila kusogeza fremu yake, sumaku inabaki palepale ilipokuwa na swichi haina habari. Kwa kihisi hiki, dirisha lililobaki tundu tupu bado "limefungwa". Ili kulijua hilo lazima pawe na kihisi cha pili, cha mtikisiko au cha sauti ya kioo kinachovunjika, na nyumba nyingi zilizokatwa grili hazina. Ongeza kwamba slaidi nyingi zisizo na kizuizi cha juu hunyanyuliwa zikatoka kwenye reli, na kwamba kiloki chenyewe kinashikiliwa na skrubu mbili fupi kwenye bati jembamba. Mbele ya udhaifu wote huo kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumzuia binadamu asipenyeze mwili wake: nondo. Ndizo zilizotolewa.

Tuseme kihisi kimefanya kazi yake sawasawa. Saa tano asubuhi ujumbe unafika, mwenye simu yuko ofisini Mji wa Serikali, Mtumba, kilometa 17 hivi kutoka katikati ya jiji. Anampigia jirani, naye yuko kazini. Mitaa mipya ya Dodoma ndivyo ilivyo mchana: nyumba zimeachana, viwanja vingine ni vichaka, watu wamekwenda kuhangaika. Kilichokosekana hapo ni dakika, na dakika huletwa na chuma kinachodai msumeno, jasho na kelele.

Upande wa betri na mpangilio wa programu, mafundi vijana wamefanya kazi safi.

Ruta ni habari nyingine. Kihisi kinaishi kwa betri ya kidonge ya volti 3, lakini ujumbe wake unapita kwenye ruta iliyochomekwa ukutani. Waliokuwa Dodoma wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Bwawa la Nyerere, lililoanza kuzalisha Februari 2024 na lenye uwezo wa megawati 2,115, limeleta nafuu, ila laini ya mtaani bado hukatika. Ruta bila betri ya akiba ni mfumo wa saa zenye umeme tu.

Safu hii imeshailalamikia slaidi mara nyingi na itaendelea. Nyanda za kati zina ukame mrefu, Mei hadi Novemba, na upepo wake hujaza vumbi kwenye reli. Kioo kinakwama kabla ya kufika mwisho, ndoano haipati mahali pa kushika, gundi ya kihisi inaachia kwa joto. Dirisha la mbao la bawaba, lenye komeo la chuma juu na chini, lilifungwa kwa mkono na mkono ukajua kuwa limefungwa.

Wazee wa kazi hii ya kulinda nyumba waliuelewa mpangilio: kizuizi kwanza, taarifa juu yake. Mwaka 1817 bandari ya jeshi la majini ya Portsmouth, Uingereza, ilivunjwa kwa funguo bandia, serikali ikatangaza zawadi, na mwaka 1818 Jeremiah Chubb akatoa kitasa chenye kigunduzi. Mtu akikichokonoa, kilijifunga zaidi, na mwenye ufunguo alipokuja kufungua aligundua kuwa kimeguswa. Kilizuia na kutoa taarifa katika chuma kilekile, bila waya. Mmarekani Alfred Hobbs alikifungua London mwaka 1851, na hilo halifichwi; lakini wazo la Chubb lilikuwa sahihi. Miaka miwili baadaye Augustus Pope wa Massachusetts alipata hataza ya kengele ya umeme ya milango na madirisha, ambayo iliendelea kulia hata dirisha likirudishwa. Kengele hiyo iliongezwa juu ya makomeo. Hata tembe la Mgogo, kuta za miti na udongo, paa bapa, vyumba vikizunguka ua ambamo ng'ombe walilala, lilimlazimisha mwizi akutane na ukuta kwanza.

Wanaotetea kukata nondo wana hoja moja nzito: moto. Watu wamefia ndani ya nyumba kwa sababu dirisha halikuwa na njia ya kutokea, na safu hii haiipuuzi hofu hiyo. Ila jibu lake lipo kwa mchomeleaji yeyote. Grili ya chumba cha kulala iwekewe bawaba na ifunguke kwa ndani, kwa komeo ambalo mtoto anaweza kulivuta gizani bila ufunguo, nalo likae mbali na mkono unaoweza kupenyezwa kutoka nje. Sumaku ihamishiwe kwenye grili hiyo, upande wa komeo, ili simu iseme kama chuma kimeshika. Juu ya slaidi kiwekwe kizuizi cha kunyanyua, reli ipigwe brashi kila wiki wakati wa kiangazi, na ruta ipewe betri. Nondo zilizokatwa bado ziko nyuma ya nyumba nyingi. Mchomeleaji aitwe kabla hazijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.