Karata za Ulam na kipimo cha kosa

Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akijiuguza na kucheza karata peke yake, mchezo uitwao Canfield. Akataka kujua uwezekano wa kushinda ni upi. Alijaribu kukokotoa, lakini mipangilio ya karata 52 ilimzidi. Akaona ni afadhali kuzichanga mara mia, acheze, kisha ahesabu ameshinda mara ngapi. Wazo hilo alimweleza mwanahisabati mwenzake John von Neumann, nalo likaingia katika kazi ya nyutroni kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani: nyutroni ikigonga kiini cha atomi, namba ya nasibu ndiyo inayoamua kama itadunda, itamezwa au itakipasua. Mwaka 1948 hesabu hizo zilifanywa kwa kompyuta ya ENIAC, na Klára von Neumann alikuwa miongoni mwa walioiandikia maagizo.

Njia hiyo, iliyopewa jina la Monte Carlo, wapo wanaoiona ni kubahatisha tu. Mimi naiamini kwa sababu inajipima yenyewe. Tukio linalotokea nusu ya mara, ukilijaribu mara 100, kosa sanifu la jibu lako, yaani kadiri linavyopotoka kwa kawaida, ni asilimia 5. Ukilijaribu mara 10,000, ni nusu ya asilimia. Bei ni kubwa, maana usahihi mara kumi unadai majaribio mara mia. Lakini chukua swali lenye vigeu 20, ukague thamani kumi tu za kila kimoja: utapata michanganyiko 10 kwa kipeo cha 20, kazi isiyomalizika. Kanuni ya kosa katika majaribio ya nasibu haijali idadi ya vigeu.

Pingamizi zito ni jingine: namba zinazotengenezwa kwa hesabu zina unasibu gani? Von Neumann alichukua namba, akaizidisha kwa yenyewe, akabaki na tarakimu za katikati. 5735 huzaa 32890225, yaani 8902, na safari inaendelea. Ila ukifika 2500 unapata 06250000, na katikati ni 2500 ileile, milele. Hapo majaribio elfu kumi ni jaribio moja lililorudiwa, na kosa dogo linaloonyeshwa ni la uongo. Pingamizi hilo nalikubali, lakini linaishtaki mashine ya namba, si njia. Ndiyo maana mchambuzi makini huanza na swali ambalo jibu lake linajulikana: katika watu 23, uwezekano wa angalau wawili kushiriki siku ya kuzaliwa ni takriban 0.507. Namba zake zikishindwa hapo, nyutroni zisubiri.